Miaka miwili na unattended-upgrades: nyota nne, na basi bado napanda

Nahudumia kompyuta za watu mkoani Tanga: 22 za maabara ya shule moja Korogwe, tatu za zahanati Muheza, nne za chama cha akiba na mikopo mjini, na mbili za nyumba ya wageni Lushoto. Zote 31 zina Debian 12, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux. Zamani viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya programu, nilivipeleka kwa basi. Sitanii. Nabeba diski ya nje, nafika Korogwe jasho linanitoka, naambiwa mwalimu mwenye ufunguo yuko msibani.

Ndipo nikaweka programu iitwayo unattended-upgrades. Kwa mipangilio yake ya kawaida inachukua marekebisho ya usalama na kuyasakinisha yenyewe bila kumuuliza mtu, na mara nyingi haikuletei matoleo mapya yatakayobadilisha sura ya programu mhasibu akapiga simu. Wenye ofisi waliponiuliza inafaa nini, niliwaeleza habari ya WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia Mei 2017: Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka tangu Machi, lakini mashine zilizoumia hazikuwa nacho.

Kwangu ilijithibitisha Julai 2024. Tarehe 1 lilitangazwa tundu lililoitwa regreSSHion kwenye OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, na Debian wakatoa kiraka siku hiyohiyo. Kesho yake nilipoingia kwenye seva ya chama nilikuta kimeshawekwa, mimi nikiwa nimelala. Kasheshe ikaja kwa mkaguzi wa hesabu: aliona OpenSSH 9.2, akasoma kwamba dawa iko kwenye 9.8, akaandika kuwa tumezembea. Debian kwa kawaida hawaleti toleo jipya, wanashona kiraka juu ya lile la zamani, na alama yake iko mkiani mwa namba: deb12u3. Ilibidi nimchapishie orodha ya mabadiliko ndipo akafuta.

Shuleni bando ndilo lililotutesa. Kerneli moja, yaani kiini cha mfumo, ni karibu megabaiti 70. Zidisha kwa 22, ni gigabaiti moja na nusu kwa kiraka kimoja. Nikaweka apt-cacher-ng kwenye mashine ya mwalimu: ya kwanza ikipakua, nyingine zinachota kwake. Kama una zaidi ya mashine tatu sehemu moja, anza na hiyo kabla ya kitu kingine.

Halafu muda. Usakinishaji umepangwa saa kumi na mbili asubuhi, na mashine iliyokuwa imezimwa saa hiyo inalipa deni lake ikiwashwa, yaani kipindi cha kwanza, watoto wamekaa. Mmoja aliona mashine inasuasua akachomoa waya. Kilichookoa ni amri ya `dpkg --configure -a`, inayomalizia usakinishaji uliokatika, na tangu hapo nimeusogeza muda hadi saa tisa na nusu alasiri.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Ile mashine ya mapokezi ya zahanati ilikuwa imekaa siku 211 bila kuzimwa, nami nikijisifu kwa kila mtu. Siku moja nikaandika `uname -r`, amri inayoonyesha kerneli iliyo kazini: kerneli inayofanya kazi ni ileile ya siku ya kwanza! Mpya zilikuwa zimejipanga kwenye diski zikingoja mashine iwashwe upya, na hilo programu hailifanyi mpaka uiruhusu. Miezi saba nilikuwa na dawa kabatini na mgonjwa kitandani.

Nikaruhusu iwashe upya saa nane usiku, kila ofisi. Sikujua kwamba ukiiacha hivyo inawasha upya hata kama mtu hajatoka kwenye akaunti yake. Mhasibu wa chama aliacha jedwali wazi bila kuhifadhi, akalikosa asubuhi, akaninunia wiki nzima. Nikageuza mpangilio isubiri watu watoke. Lakini yeye huwa hatoki kamwe, kwa hiyo mashine yake haikuwashwa upya tena. Tumekubaliana Ijumaa jioni anaizima kwa mkono wake mwenyewe, nami namkumbusha kwa ujumbe wa simu. Teknolojia ya hali ya juu.

Nyota moja naikata kwa sababu hakuna mahali pa kuziona mashine zote kwa pamoja. Barua pepe nimeipanga ije penye hitilafu tu, ila kimya chake kina maana mbili: mambo shwari, au mashine haina hata intaneti. Nimeandika hati ndogo ya amri: kila Jumatatu kila moja inanitumia kerneli yake na kama kuna faili la `/var/run/reboot-required`, alama kwamba mashine inangoja kuwashwa upya.

Jumatatu hii zimejibu 29. Mbili zilizobaki ni za Lushoto, na tiketi ya kesho nimeshakata.