Dawa ya meno ya paka na miswaki yake: baada ya miezi mitano na Furu

Seti ninayoizungumzia ina vitu vitatu: tyubu ya gramu 70 ya dawa ya meno ya paka yenye ladha ya kuku, mswaki wa kidole uliotengenezwa kwa mpira laini, na mswaki mwembamba wenye vichwa viwili, kimoja kikubwa na kingine kidogo. Niliinunua kwa shilingi 32,000 katika duka moja la dawa za mifugo katikati ya jiji la Mwanza, nikaitumia kwa paka wangu jike, Furu, aliyeletwa nyumbani kutoka mwalo wa Kirumba akiwa bado anaenea ndani ya kofia. Dawa yenyewe inastahili fedha yake na kichwa kidogo cha mswaki kinafaa sana, lakini mswaki wa kidole siku hizi unasugua kola za mashati ya shule.

Muuzaji alinicheka. “Mama, paka wa Mwanza mswaki wake ni dagaa,” aliniambia huku akinihesabia chenji, na nilipowasimulia majirani zangu wa Nyegezi niligundua kwamba wengi wao wanaamini hivyo hivyo. Nimemtazama Furu kwa makini anapokula: dagaa mkavu humkata mara moja au mbili kwa magego, kisha akammeza, na kwenye mpaka wa jino na ufizi, ambako ukoga hujikusanya, hapaguswi na chochote. Mifupa ya sangara iliyopikwa, ambayo baadhi ya watu huwatupia paka kwa imani kwamba inasafisha meno, ni mibaya zaidi, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kuchoma kaakaa au kukwama kooni.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii ni kwamba karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya kasha haisemi lolote kuhusu umri. Mtoto wa paka huwa na meno 26 ya utoto, ambayo huanza kung’oka anapofikisha takriban miezi mitatu na nusu hadi minne, na kufikia mwezi wa sita au wa saba huwa ameshaota meno 30 ya utu uzima. Mimi nilianza kumsugua Furu akiwa na miezi minne, katikati kabisa ya badiliko hilo, wakati fizi zake zilikuwa nyekundu na jino moja nilikuwa nimeliokota juu ya mkeka; alinikwaruza mkono, na kwa wiki nzima akawa anakimbilia chini ya kitanda kila aliposikia kasha likifunguliwa. Daktari wa mifugo aliyemchunguza alinieleza kwamba wekundu mdogo mahali jino linapochomoza ni wa kawaida, ila ukiendelea baada ya meno yote kuota, hasa ukiambatana na harufu mbaya au damu, paka arudishwe kliniki, kwani wapo paka wanaopata uvimbe wa fizi wakiwa wachanga sana. Aliniagiza niweke miswaki kando hadi meno yatulie, na kwa muda huo niwe namlambisha dawa kidoleni na kumgusa midomo tu, ili azoee mkono kabla ya kuzoea kazi yenyewe.

Hapo ndipo dawa ilipojionyesha. Paka hatambui utamu wa sukari, kwa hiyo ladha ya nyama ina sababu yake, na baada ya siku tatu Furu alikuwa anakuja mwenyewe. Ina vimeng’enya vinavyosaidia kupunguza bakteria wa ukoga, haitoi povu, na haihitaji kusukutuliwa, jambo la msingi kwa mnyama asiyejua kutema. Naomba mtu asijaribu kubana matumizi kwa kutumia dawa yetu ya meno: floraidi na vitoa povu vilivyomo si vya kumezwa kila siku na kiumbe chenye uzito wa kilo mbili.

Kuhusu miswaki sina maneno mengi. Ule wa kidole unajaza kinywa chote cha paka mdogo, na anapokibana kidole utajua kwamba mpira si ngao. Kichwa kidogo cha mswaki wa pili hupita vizuri kati ya shavu na meno, na kwa bahati nzuri upande huo wa nje ndio unaohitaji kusuguliwa zaidi, kwa hiyo sikulazimika kumfungua kinywa. Naweka dawa kiasi cha punje ya mchele, nainamisha nywele za mswaki kuelekea ufizi, nasugua magego ya juu kwanza kisha chonge, na nusu dakika inatosha. Nafanya hivyo kila jioni, kwa kuwa ukoga ulioachwa siku chache hugeuka kuwa mgumu kama chokaa, na ukishafika hapo mswaki hauwezi kitu. Huondolewa na daktari, paka akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Furu sasa ana miezi tisa. Fizi zake ni za waridi hafifu, na ile harufu aliyokuwa nayo alipokuwa anang’oa meno haipo tena, ingawa sehemu ya sifa hiyo ni ya umri wake wala si ya tyubu. Jambo lililonikera ni kibandiko cha bei kilichobandikwa juu kabisa ya tarehe ya mwisho wa matumizi, ambacho ilibidi nikibandue kwa kucha palepale kaunta. Anayekwenda kununua afanye vivyo hivyo. Tyubu imebaki theluthi moja. Ikiisha nitanunua tyubu peke yake, na mahali pa mswaki nitaweka ule wa watoto wachanga wenye nywele laini, unaouzwa katika maduka ya kawaida ya dawa.