Gereji ya miembe miwili, Ng'ambo Tabora: fundi anayeuliza kabla ya kushika spana

Wenye pikapu wa Tabora, hasa sisi tunaoshusha mzigo kutoka Sikonge na Inyonga, kuna fundi Ng'ambo ambaye ningependa mumfahamu. Gereji yake haina bango. Ukiingia Ng'ambo uliza gereji ya miembe miwili, yenye shimo la kuingilia chini ya gari, utaonyeshwa. Nitaeleza kwa kirefu namna alivyoitafuta sauti ya gari langu, maana hiyo ndiyo kazi niliyoilipia, na mpaka leo sijaona mwingine hapa mjini anayeifanya hivyo.

Mimi ni mfanyabiashara wa asali. Gari langu ni pikapu ya dizeli, dabo kebini, na linafanya kazi ngumu. Watu wakiona ndoo ya lita 20 hudhani ni kilo 20, lakini asali ni nzito kuliko maji. Ndoo hiyo inakaribia kilo 28. Panga ndoo 36 pale nyuma, tayari una tani moja. Barabara ya Mpanda ni lami siku hizi, sawa, ila ukiiacha lami kuingia kwenye mizinga ni vumbi, mizizi na makorongo.

Gari likaanza kugonga nyuma. Likiondoka na mzigo, ko! Ukibadilisha gia, ko! tena. Mwendo wa polepole kulikuwa na chwi-chwi-chwi ya kuudhi, na kwenye matuta ungedhani kuna mtu amejificha chini ya bodi na nyundo. Gereji ya kwanza walisikia neno "nyuma", wakafunga shokapu mpya mbili. Ya pili wakabadilisha bushi za springi. Kote nililipa, na kote niliondoka na sauti zangu. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeniuliza gari linalia lini.

Huyu wa Ng'ambo alinipokea kwa "Mwangaluka mayu", salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, akanivutia benchi, akatoa daftari. Linalia ukiwa mtupu au umebeba? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Mlio unaongezeka gari likikimbia, au injini ikinguruma tu hata kama umesimama? Ukishika breki unanyamaza? Kwenye lami na kwenye vumbi ni sawasawa? Kila mlio aliupa mstari wake. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa na sauti tatu, zenye sababu tatu, na mafundi wote waliotangulia walikuwa wanaitafuta moja.

Kisha akasema, "Mama, kesho njoo na mzigo." Wengine wangesema shusha mzigo kwanza. Akanieleza: propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma, kwa gari refu kama hili ina vipande viwili, na katikati inashikwa na senta beringi iliyofungwa ndani ya mpira. Ukipakia, springi zinalala, difu (boksi la gia la katikati ya ekseli ya nyuma) linapanda karibu na bodi, na pembe ya propela inabadilika. Sauti inayotokea kwenye pembe hiyo huwezi kuipata gari likiwa tupu, wala likiwa limeinuliwa jeki huku matairi yananing'inia. Ndiyo maana amechimba shimo: gari linasimama kwa uzito wake, yeye anaingia chini.

Tulianza kwa kuliendesha. Nilishika usukani mimi, yeye dirisha wazi, tukapita taratibu kando ya ukuta mrefu ili mlio urudi masikioni. Barabarani akaniambia nifike mwendo wa 60, niachie mafuta, nikanyage tena. Difu likichoka, mvumo wake hubadilika ukikanyaga na kuachia. Halafu nivute gari kushoto, kisha kulia, pale palipo wazi, maana beringi ya gurudumu iliyochoka huongeza mvumo uzito ukihamia upande wake. Hakuna kilichobadilika. Akafuta mistari hiyo daftarini. Nilipenda kuona fundi akifuta kitu, maana kila alichokifuta ni spea ambayo sikuuziwa.

Pale shimoni alizuia matairi kwa mawe, akaweka gia huru, akaachia handibreki, akashika propela kwa mikono miwili na kuizungusha kidogo huku na huku. Akaniita nishuke nione. Krosi ya nyuma, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu propela kupinda, ilikuwa inacheza, na kwenye midomo ya vikombe vyake kulikuwa na unga mwekundu. "Hiyo kutu, grisi iliisha siku nyingi." Hiyo ndiyo chwi-chwi. Akasukuma propela kwa nondo pale katikati, nayo ikapanda na kushuka ovyo: mpira wa senta beringi ulikuwa umechanika karibu wote. Gari likiondoka na tani nzima, propela inaruka na kugonga chuma kinachoishika. Hiyo ndiyo ko.

Na nyundo ya kwenye matuta? Tairi la akiba. Mnyororo wake ulikuwa umelegea, linapiga bodi kila tukiruka. Aliukaza kwa mpini wa jeki na hakunitoza chochote. Nilikuwa nimenunua shokapu na bushi kwa ajili ya mnyororo.

Kabla ya kufungua propela aliitia alama kwa rangi nyeupe, kipande na kipande, na pale inapokutana na difu. Muwe macho hapo kwa fundi yeyote. Vipande vikirudishwa bila kufuata mpangilio wake, masikio ya krosi hayakai sambamba na gari linatetemeka, utadhani spea mpya ni mbovu. Krosi tuliyoipata mjini aliipima kikombe kwa kalipa, akairudisha dukani palepale, haikulingana. Iliyolingana, pamoja na senta beringi, ililetwa na basi kutoka Mwanza. Ile ya zamani aliifungua mbele yangu: vile vyuma vyembamba vya ndani vimesagika, na pini imechimbika mistari.

Kutafuta tatizo alinitoza 15,000, na fedha hiyo unalipa hata usipotengenezea kwake. Ufundi 40,000. Spea nililipia mwenyewe dukani, yeye hakutia mkono.

Sasa upungufu. Hana haraka hata kidogo. Spea ikichelewa na basi, gari linalala. Simu yake mara nyingi imezimwa, ni bora ufike. Hatoi risiti, anakuandikia kikaratasi, na kwangu mwenye hesabu za biashara hilo ni tatizo, nimemwambia wazi. Na wateja wanawake tunahitaji choo pale, mzee wangu, tunakaa saa nyingi.

Nimeshakwenda Inyonga na kurudi nimejaza, gari kimya. Krosi mpya ina mdomo wa kupachika bomba la grisi, na dereva wangu ameelekezwa aipige kila tunapomwaga oili, na baada ya vumbi zito asisubiri. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, foleni ikiwa fupi. Na kama gari lako hulia likibeba tu, usiende nalo tupu.