Mafuta ya Nazi ya Langoni kwa Kichwa Kikavu Kinachowasha: Tathmini Baada ya Wiki 6

Kaskazi ilipoanza kuvuma mwezi wa Disemba, ngozi ya kichwa changu ilikauka na kuniwasha kiasi cha kunikosesha usingizi. Kila nilipovua ushungi jioni, vipande vidogo vyeupe, vikavu kama unga wa mchele, vilikuwa vimetapakaa mabegani, na nyuma ya sikio la kushoto nilikuwa nimejikuna hata pakatoka kidonda. Ninaandika tathmini hii baada ya kutumia kwa wiki 6 mafuta ya nazi na unga wa majani ya mkunazi ninavyovinunua kwa mama mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, kwa sababu najua wapo wengi wanaotaabika kama nilivyotaabika mimi, na baadhi yao wanazidi kujiumiza kwa dawa kali zisizohitajika. Mama huyu hana duka. Huuzia nyumbani kwake na hapendi kutangazwa, kwa hiyo sitalitaja jina lake. Anayemhitaji akiwauliza wanawake wa mtaa huo ataelekezwa mlangoni.

Kabla ya kufika kwake nilikuwa nimekosea mara mbili. Kwanza nilinunua shampuu yenye povu jingi na manukato makali, nikawa naoshea kichwa kila siku nikidhani kwamba kinachowasha ni uchafu, kumbe nilikuwa naondoa hata yale mafuta machache ambayo ngozi hujitengenezea kwa ajili ya kujilinda. Kisha nikaenda kwenye saluni moja ambako nilipakwa maji ya ndimu yaliyochanganywa na magadi. Povu lilipanda, kichwa kikaungua kama kimemwagiwa pilipili, na siku 2 baadaye magamba yalikuwa mengi kuliko mwanzo. Ngozi ya kichwa ina uchachu kidogo kwa asili yake, nao ndio kinga yake. Magadi huuvunja uchachu huo, na ndimu nayo ni kali mno kwa ngozi iliyokwaruzwa kwa kucha. Isitoshe, maji ya ndimu yakibaki juu ya ngozi na mtu akatoka juani, jua huweza kumchoma hata akaota malengelenge. Sielewi kwa nini ushauri huu unaendelea kupokezanwa, na ningependa sana ukome.

Kilichonivutia kwa mama wa Langoni ni kwamba hakuniuzia kitu mpaka amekitazama kichwa chenyewe. Alinikalisha ndani, kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kinachopata mwanga wa juu, akagawa nywele zangu mafungu kwa kitana na kupitia fungu baada ya fungu. Alichukua gamba moja akalisugua baina ya kidole gumba na cha shahada. Lilimomonyoka likawa vumbi. Akaniambia kwamba lingekuwa la manjano na la kunata asingenipa mafuta hata kidogo. Kisha akauliza, “Mwanangu, chakuwasha ukishaoga ama chakuwasha muda wote? Na nywele hizi wazifunga zikiwa na maji?” Swali la pili lilinigusa, maana kila asubuhi nilikuwa nikioga kwa haraka, nikizikunja nywele mbichi na kuzifunika kwa ushungi mpaka alasiri, joto na unyevu vikibaki humo kwa saa nyingi. Hakuna saluni wala duka lililowahi kuniuliza swali hilo.

Mafuta yake hutengenezwa kwa njia ambayo bibi zetu walitutengenezea. Nazi zilizokomaa hufuliwa kwenye kifuo, zikavunjwa, zikakunwa kwa mbuzi, kisha tui zito likakamuliwa kwa kifumbu na kuachwa usiku kucha mpaka utando mzito uelee juu. Asubuhi utando huo huenguliwa kwa upawa na kupikwa kwa moto mdogo wa makaa, akiukoroga pasipo kuuacha, mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge. Hapo ndipo penye ustadi. Moto ukizidi dakika chache, masimbi, yaani masazo ya tui yanayotuama chini, huungua, mafuta hugeuka rangi ya chai na kupata harufu ya moshi. Moto ukipungua, maji hubaki ndani na chupa huchacha mapema. Kwa hesabu yake mwenyewe anahitaji nazi kama 15 ili apate lita moja, na ndiyo sababu simlaumu kwa bei ya shilingi 350 kwa chupa ndogo, ingawa dukani yapo mafuta ya nazi ya bei nafuu zaidi.

Chupa niliyopewa ilikuwa na mafuta maangavu kama maji, yenye harufu nyepesi ya nazi iliyokaangwa. Nilimpelekea ndugu yangu aliye Nairobi chupa ya pili, naye akanipigia simu kwa hofu kwamba nimeuziwa mafuta ya mgando, kwa kuwa yaliganda yote yakawa meupe. Hayakuwa na kasoro. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo tunaloliona kwa nadra sana hapa kwetu lakini ambalo ni la kawaida katika baridi ya huko. Kuichovya chupa katika maji ya uvuguvugu kunatosha.

Maagizo aliyonipa ni mepesi, na nimeyafuata bila kuyapunguza wala kuyaongeza. Mara 2 kwa wiki ninalowesha kichwa kidogo, kwa sababu mafuta hayaleti maji kwenye ngozi bali huyazuia yaliyopo yasipotee; kisha ninachovya ncha za vidole, si kucha, na kuyapaka kwenye ngozi yenyewe taratibu kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chakula. Ninayaacha kwa saa moja au mbili, halafu ninaosha. Nywele zangu, ambazo zilikuwa zikikatika kila nikizichana, zimefaidika pia, kwani mafuta ya nazi yana sifa ya kupenya ndani ya unywele wenyewe, tofauti na yale yanayobaki juu tu yakang'aa.

Kuosha kwenyewe ndiko ninakofanya kwa mkunazi. Majani yaliyokaushwa kivulini na kutwangwa huchanganywa na maji vuguvugu mpaka yawe kama uji mwepesi, nao hutoa povu dogo lenye kusafisha bila ukali wa sabuni. Nafahamu kwamba wapo wanaosita kwa kuwa majani haya hutumika pia katika kuosha maiti, lakini wanawake wa pwani wameoshea nywele kwa mkunazi maisha yao yote, na sioni sababu ya kuona vibaya kitu chenye heshima kiasi hicho. Kasoro yake ni kwamba unga ukitwangwa kwa pupa hubaki na vijiti vinavyonasa kwenye nywele. Pakiti yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, nikalazimika kuuchekecha upya kwa chekecheke la unga kabla ya kuutumia.

Kuna jambo la maji ambalo wenyeji wenzangu watalielewa. Maji mengi ya visima vyetu ni mazito na yana chumvichumvi, na sabuni ikikutana nayo huacha utando unaokaza ngozi. Mama alinishauri suuza ya mwisho niifanye kwa maji ya mvua kama nyumbani tuna birika la kukingia mvua, na nisitumie maji ya tangi la darini wakati wa adhuhuri, kwa sababu huwa ya moto na maji ya moto hukausha zaidi. Suuza ya maji ya mvua peke yake ilipunguza ule mkazo wa ngozi tangu siku ya kwanza. Baada ya kuosha sasa ninakaa na nywele wazi chumbani mpaka zikauke, hata ikibidi kuamka mapema.

Mwasho wa usiku ulipungua sana kufikia wiki ya 2. Kidonda cha nyuma ya sikio kilifunga katika wiki ya 3, nilipokuwa nikikipaka ute wa shubiri badala ya mafuta. Jani hukatwa, likasimamishwa kwanza mpaka utomvu wa manjano udondoke wote, maana huo nao huwasha, kisha ule ute mweupe wa ndani ndio unaopakwa. Niliujaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono kwa siku nzima, na ningemsihi kila mtu afanye vivyo hivyo, kwani kitu cha shambani pia huweza kumdhuru asiyepatana nacho. Magamba hayajaisha kabisa. Siku za upepo mwingi bado huyaona machache kwenye utosi.

Mafuta haya hayamfai kila mwenye kichwa kinachowasha. Mba wenye magamba ya manjano yenye kunata huhusiana na kuvu wanaoishi kwenye ngozi na kujilisha kwa mafuta, hivyo kuwamwagia mafuta zaidi ni kuwaandalia karamu. Mwenye hali hiyo huhitaji shampuu ya dawa ya kuvu, kama yenye ketoconazole, inayopatikana kwenye maduka ya dawa. Siku moja nikiwa pale, aliingia mama na mwanawe wa miaka kama 6 mwenye madoa ya mviringo yaliyonyonyoka nywele. Mwenye nyumba aliyatazama kwa mbali, akasema, “Haya ni mapunye, mwanangu. Mafuta yangu hayatamsaidia; mpeleke hospitali ya King Fahd apewe dawa ya kumeza.” Alikataa pesa iliyokuwa tayari mkononi. Mapunye hujificha ndani ya mizizi ya nywele ambako cha kupaka hakifiki, kwa hiyo alisema kweli, na tangu siku hiyo nimemwamini kuliko chupa zote zenye picha nzuri.

Malalamiko yangu makubwa ni kwamba chupa zake hazina maandishi yoyote. Chupa ya 3 niliyonunua ilikuwa na harufu ya uchachu nilipoifungua, na sikuwa na njia ya kujua ilipikwa lini. Aliibadilisha bila mabishano, lakini mtu wa mbali asingeweza kurudi. Nimemwomba abandike karatasi yenye tarehe ya kupika, akakubali; chupa niliyoichukua juzi ina tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, na tayari imeanza kufutika kwa mafuta ya vidole vyangu.