Wikendi ya magari ya kale Dodoma: mvua siku zote mbili na bado nasema nendeni

Naanza na jibu kabisa kwa asiye na muda wa kusoma yote: elfu kumi ya kiingilio imelipa, na imelipa zaidi kwa sababu ya mvua. Najua wengi waliangalia lile wingu la Jumamosi asubuhi wakasema pale hamna kitu leo, nani atatoa gari yake ya rangi ya gharama kwenye maji, ila walizitoa aisee, na nilichokiona sijawahi kukiona kwenye maonyesho ya juani ambapo ndinga zinapangwa mstari, watu wanapiga picha, jioni zinafunikwa turubai basi imeisha.

Kwa ambaye hajui, ni mkusanyiko wa wapenzi wa gari za spoti za zamani, kila mtu anakuja na yake. Kuna waliotoka Dar kwa njia ya Moro na Gairo, kuna waliotoka Iringa kupitia Mtera, na kundi la Arusha lilishuka na Babati na Kondoa mpaka mjini. Eneo ni kiwanja cha wazi ukishapita Nzuguni kama unaelekea Dar. Wenyeji mnajua mvua ya Dodoma ilivyo, inakuja mchana inapiga saa moja kwa fujo halafu jua linawaka kama hakukuwa na kitu, sasa safari hii haikuwa hivo, ilianza alfajiri ya Jumamosi ikawa inanyesha ile ya taratibu isiyokata mpaka Jumapili jioni, na baridi juu.

Kilichonivutia cha kwanza kabisa ni harufu ya petroli pale getini. Gari za Dar zilikuwa zinanuka mafuta na kukohoa zikiwa sailensa, yaani zimesimama injini inawaka, na sababu yake ni rahisi, zimesetiwa kabureta (kile kinachochanganya hewa na mafuta) kule pwani usawa wa bahari halafu zimepanda mpaka Dodoma ambako tuko kama mita 1,100 juu, hewa huku ni nyepesi kwahiyo mafuta yanazidi hewa na injini inakuwa nzito. Gari za kisasa zina kompyuta inarekebisha yenyewe hata hujui. Hizi lazima mtu ashuke na bisibisi, afungue boneti, asikilize, azungushe kidogo, asikilize tena. Nilisimama pale na mwamvuli naangalia baba mmoja anafanya hivo huku mwanae wa kike kama wa miaka kumi kamshikia tochi, na yule mtoto ndo alikuwa anamwambia baba hapo hapo imekaa sawa, na kweli ilikaa sawa.

Tuje kwenye vyuma vyenyewe. Kwangu mimi namba moja ilikuwa Datsun 240Z ya rangi ya chungwa. Hii ilitoka 1969, Wajapani kwao wanaiita Fairlady Z, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, boneti ndefu ile mpaka dereva amekaa karibu na tairi za nyuma. Watu wanaiona wanasema gari ya kutembelea mjini, hapana jamani, hii ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann, na 1973 ikashinda tena na Shekhar Mehta. Na mashindano yale yalikuwa yanafanyika Pasaka makusudi kabisa, msimu wa mvua, ili tope liwachuje watu. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, mwaka 1968 yakawa 7 tena, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Kwahiyo mtu akiniambia gari ya kale haitakiwi kulowa namuuliza gari ipi hiyo, hizi zimepata jina kwenye matope ya huku kwetu Afrika Mashariki.

Mwenye 240Z alikuwa na moyo, kila mtoto aliyetaka kukaa kwenye usukani alimruhusu, na viatu vya tope hivo hivo, kaweka tu gazeti chini. Mama mmoja alimwambia kaka yangu watakuchafulia gari, akajibu dada nimeileta ili waikae. Nilimpenda sana yule bwana.

Pembeni yake kulikuwa na MGB ya Uingereza, ile ya wazi yenye turubai juu, ilianza kutengenezwa 1962 mpaka 1980, injini lita 1.8. Hii mvua iliipata. Maji yalikuwa yanaingia kwenye kona pale turubai linapokutana na kioo cha mbele, na mwenyewe alikuwa anaendesha huku taulo liko mapajani, ila kila ukimuuliza anakuelezea kwa furaha namna alivyotafuta mpira wa mlango kwa muda mrefu mpaka akachongesha kwa fundi viti. Kulikuwa pia na Porsche 911 moja ya fedha, injini iko nyuma na inapozwa na hewa, hamna rejeta, kitu ambacho kwa joto letu la Oktoba ni raha. Uzito wa nyuma ndo uliifanya itoke kwenye tope la pale getini bila kusukumwa wakati zingine zinazungusha tairi hapo hapo. Porsche haijawahi kushinda Safari hata siku moja, 1974 ilikaribia sana ila Joginder Singh na Mitsubishi Lancer akampiku Björn Waldegård wa Porsche, na hii habari niliwasimulia vijana waliokuwa wanaishangaa ile 911 na kuipita Lancer ya zamani iliyopaki pembeni yake kama haipo. Waangalieni na hizo jamani, hizo ndo zilikuwa zinawatesa wakubwa.

Kulikuwa na ubishi kuhusu Peugeot. Kuna watu walilalamika kwamba 404 na 504 sio gari za spoti, ni gari za familia na teksi, zimeletwa za nini. Mimi nasimama na waandaaji kwenye hili asilimia mia. Bert Shankland, dereva aliyekuwa anaishi hapa hapa Tanzania, alishinda Safari 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, mara mbili mfululizo! Halafu 504 ikashinda 1975 na Ove Andersson. Sasa kama gari iliyofanya hivo kwenye barabara zetu haina nafasi kwenye mkusanyiko wa gari za spoti Dodoma, ipi ina nafasi? Ninachowalaumu waandaaji ni kwamba ile 404 nyeupe ilikuwa imesimama nyuma karibu na jenereta, haina hata kibao, mtoto wa shule anapita hajui kwamba anapita pembeni ya historia ya nchi yake. Vibao vingi vilikuwa karatasi ya kawaida na mvua ikavifuta wino mpaka saa nne asubuhi, zote nyeupe. Piga laminesheni, ni hela ndogo sana.

Sasa naomba niseme kilichoipendezesha wikendi yote kwangu. Mini Cooper moja nyekundu ilizima Jumamosi saa sita hivi, katikati ya njia ya kuingilia, haiwaki kabisa. Kijana mwenye gari alikuwa ameshakata tamaa, watu wameshaanza kukusanyika. Akaja fundi mmoja mzee, yule kijana akamwambia shikamoo mzee, nadhani pampu ya mafuta imekufa. Mzee akaitikia marahaba mwanangu, pampu haijafa, fungua boneti nikuonyeshe. Akatuelezea wote tuliokuwepo kwamba Mini injini yake imelala kwa upana na distributa (kinachogawa umeme kwenye plagi) imekaa mbele kabisa nyuma ya grili, kwahiyo maji yanayorushwa na barabara yanaingia moja kwa moja pale. Umeme wa koili ni mkali sana unatafuta njia rahisi, ukikuta unyevu ndani ya kifuniko unapitia kwenye maji unakimbilia kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi, ndo maana gari inazima wakati mafuta yapo na betri ni nzima. Akatoa kifuniko, akakifuta ndani na kitambaa kikavu, akafuta na waya za plagi moja moja, akakielekeza kwenye mwanga akitafuta ufa, maana ufa mdogo kama unywele ukishashika masizi ndani yake hata ukikausha vipi itarudia tu. Hakukuwa na ufa. Wakarudisha, wakapiga stata, ikawaka kwa mara moja na watu walishangilia kama goli.

Baada ya hapo lile likawa darasa. Mzee akawekwa chini ya hema kubwa na kila aliyekuwa na swali anakuja. Alituambia tukirudi nyumbani tuoshe gari chini na sio juu tu, halafu tuangalie yale matundu madogo yaliyoko chini ya milango, yakizibwa na tope maji yanakaa ndani ya mlango na kutu inaanzia ndani, ukija kuiona nje mlango umeshakwisha. Na akasema kitu ambacho wenye gari Dodoma tujivunie, kwamba bodi za gari zilizokaa huku zinadumu kuliko za Dar na Tanga kwa sababu hatuna chumvi ya bahari na hewa yetu ni kavu karibu mwaka mzima, ila jua letu linakula mipira na dashibodi, kwahiyo ukinunua mkoko wa Dodoma bodi usiwe na wasiwasi sana, weka bajeti ya mipira. Hili lilikuwa halipo kwenye ratiba kabisa. Ratiba ilisema saa hizo kuna maonyesho ya kuzungusha gari kwenye vumbi, ambayo yalifutwa kwa tope, na sikuona mtu aliyeyakumbuka.

Msafara wa Jumapili wa kwenda Mtumba na kurudi nao ulifanyika, nilidhani wataahirisha. Hapa nawapa waandaaji maua yao. Kabla ya kuondoka walikagua tairi za kila gari, wanasoma zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT pembeni mwa tairi, mbili wiki na mbili mwaka wa kutengenezwa, kuna gari mbili nzuri tu zilikataliwa kwa sababu tairi zina kashata (meno) nzuri lakini mpira umeshazeeka umekuwa mgumu, na mpira mgumu kwenye lami yenye maji haushiki. Wenyewe walinuna, ila ndo inavyotakiwa. Mwendo ulikuwa mwisho 60, hakuna kupitana, trafiki wako mbele. Tulisimama Ihumwa kuziangalia zinapita, waipa zile ndogo zinahangaika, taa za njano kwenye mvua, na sauti, jamani ile sauti ya silinda sita ya Datsun ikishusha gia. Madereva wa malori walikuwa wanapiga honi za kusalimia, na watu wametoka kwenye vibanda kuangalia na mvua inawanyeshea.

Mabaya sasa, na yapo. Parking ya wageni ilikuwa shida ya kweli, ni udongo mwekundu ulioparuliwa juzi juzi bila kifusi wala kokoto, gari ndogo zilizama na watu wakawa wanalipa vijana elfu tano tano kusukumwa wakati wameshalipia parking. Hilo waandaaji wangeweza kulizuia, utabiri wa hali ya hewa wa TMA ulikuwepo. Mahema yalikuwa matatu kwa umati wote ule, moja likiwa la wageni rasmi ambalo muda mwingi lilikuwa na viti vitupu huku kina mama wenye watoto wamesimama nje. Vyoo vya Jumamosi vilikuwa sawa, Jumapili mchana sitaki hata kuvielezea. Na spika, aisee, mziki ulikuwa juu mno, mtu amekuja kusikia injini za miaka hamsini iliyopita anasikilizishwa nyimbo za baa, MC akawa anapiga kelele juu yake. Punguzeni kabisa, washeni injini moja moja mweleze watu wanachokisikia.

Chakula kilikuwa kizuri, zaidi ya yote supu ya mbuzi na chapati asubuhi, kwa baridi ile ilikuwa tiba, bakuli elfu nne na nyama ya kutosha. Choma ilichelewa kwa sababu mkaa ulilowa. Chipsi sikuzipenda.

Nimesikia kuna wazo la kuhamishia tukio hili Julai ili kukwepa mvua. Naomba kwa heshima zote wasifanye hivyo. Julai Dodoma ni vumbi na upepo, gari zitakaa mstari zikipigwa picha na zile akili za ufundi, kusaidiana, kukausha distributa ya mtu usiyemjua, havitakuwepo. Mwageni kokoto parking, ongezeni mahema mawili, pandisheni kiingilio hadi elfu kumi na tano kama ni lazima, mimi nitalipa.

Kwa wa Dar ambao hamna gari ya kuonyesha, msije na gari ndogo kwa parking ile mpaka tuhakikishe wameitengeneza. Pandeni treni ya SGR, ukifika stesheni chukua bajaji mpaka Nzuguni, elewaneni bei kabla hujapanda, na beba gambuti badala ya raba.