Tangi la lita 300 kwa kufugia pweza Arusha: lichukuliwe au liachwe?

Karibuni watazamaji. Mezani leo kuna tangi la lita 300 linalouzwa pamoja na mfuniko, pampu, hita na skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu), na tunalipima kwa jambo moja: linafaa kwa pweza? Kioo ni kizuri, silikoni imepakwa vizuri, stendi inabeba uzito. Hapo sina neno. Twende kwenye mfuniko, maana kwa pweza huo ndio wenye kazi.

Tazameni kona hii ya nyuma. Wameacha pengo la kupitishia mabomba, sentimita 4 kwa 6. Samaki hapiti hapa. Pweza hana mfupa. Kilicho kigumu mwilini mwake ni mdomo, ule uliopinda kama wa kasuku, na mdomo ukishapita, mwili wote unafuata. Sponji peke yake ataing'oa. Kata wavu mgumu wa plastiki uzidi pengo kwa sentimita 3 kila upande, uukaze kwenye mabomba yenyewe kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya, kisha weka kibanio kila kona ya mfuniko. Usipake silikoni kuziba kila kitu, hewa lazima iingie.

Na hewa ndiyo shida yetu huku juu. Arusha iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya hapa, kwa joto lilelile, yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Tanga. Pweza anatumia oksijeni nyingi, tena anachafua maji haraka. Skima ya kwenye boksi imeandikwa lita 300. Iacheni, nunueni ya lita 600. Ongezeni pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha umeme ukikatika. Bila hiyo, tafadhali, msilete pweza nyumbani.

Pampu nayo ina matundu wazi mahali inapovuta maji, na mnyiri ukinaswa hapo unakatika. Ivisheni sponji nene. Hita ni ya wati 300, inatosha hata usiku wa Julai. Tegeni nyuzi 25, lakini iwekeeni kizimba cha plastiki asije akaikumbatia akaungua.

Maji ya Arusha mengi yana floraidi, kwa hiyo chujeni kwa mtambo wa RO, ule unaosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana. Chumvi ni ile ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa lita, yaani kilo 10 na nusu kwa tangi zima. Ikorogeni kwenye pipa la pembeni kwa pampu usiku kucha, mpime kwa refraktomita, kile kipimo cha chumvi majini, mpaka isome 1.025. Koki na viungo vya shaba marufuku: shaba kidogo tu ikiyeyuka majini inamuua. Kisha tangi likae miezi mitatu na mawe yake, amonia na nitraiti, sumu zinazotokana na uchafu majini, zisome sifuri, ndipo aingie.

Kwa bei yake, linafaa kwa pweza wa aina ndogo, ukishabadilisha skima na kurekebisha mfuniko. Kwa Octopus cyanea, yule anayevuliwa sana pwani yetu, liacheni. Minyiri yake hufika sentimita 80, naye ni wa kuzunguka mchana kutwa. Humu atabanwa kabla hajakomaa.