Uzoefu wangu: ubao mmoja, vizazi vinne vya Ryzen

Prosesa ninayoitumia leo, Ryzen 7 5800X3D ya AMD, imekaa kwenye ubao mama nilionunua mwaka 2017. Ni ubao wa B350, na wakati huo niliupachika Ryzen 5 1600 yenye viini sita, yaani sehemu sita za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kompyuta hii naipenda kwa sababu hiyo kuliko hata kwa kasi yake.

Aliyenunua kompyuta miaka ile ataelewa. Intel, mpinzani wa AMD, ilikuwa bado inatupa viini vinne kwenye Core i7 ya kawaida ya mezani; i7-7700K ilitoka Januari 2017 na vinne vilevile. Machi zikaja Ryzen za kwanza, kubwa yao ikiwa na viini vinane, na kabla mwaka haujaisha Intel nayo ikatoa i7-8700K yenye sita. Sisi wanunuzi tulianza kufaidi mvutano wao hapo.

Ryzen 5000 zilipotoka mwaka 2020, bodi za zamani kama yangu ziliachwa nje. Nikakata tamaa. Mwishoni mwa 2021 Intel ikarudi kwa nguvu na prosesa za Alder Lake, zinazochanganya viini vikubwa na vidogo, na Machi 2022 AMD ikafungua mlango kwa bodi za mfululizo wa 300, B350 yangu ikiwemo. Kwangu mimi hayo hayakukutana kwa bahati. Mpinzani alipobana, mteja wa zamani akakumbukwa.

BIOS, programu ya ubao inayoiwasha kompyuta, niliisasisha prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, maana bila hivyo mpya isingewaka. Jaribio la kwanza liligoma. Nilipobadilisha flashi, la pili likapita.

Sasa chipu yenyewe. Ina viini vinane na MB 96 za kashe ya L3, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa: 32 za kawaida, na 64 zilizobandikwa juu yake kama ghorofa. Data ambayo prosesa ingeifuata mbali kwenye RAM inaikuta karibu. Michezo ya kujenga miji, ambayo ikishajaa watu ilikuwa inakwamakwama, ilitulia siku ileile, na kadi ya picha sikuigusa. Kubana video nako kumekuwa kwepesi, ila huko kashe haisaidii sana. Kama kazi yako ni hiyo tu, 5800X ya kawaida inakufaa zaidi, kwani inafika gigahezi 4.7 na hii inaishia 4.5.

Jambo la kuangalia ni joto. Ghorofa ile inazuia joto kutoka, na kipoza changu kidogo cha zamani hakikumudu. Nilipoweka kikubwa, tatizo likaisha. Kwenye 9800X3D ya Novemba 2024 kashe imehamishiwa chini ya viini, na nadhani huo ndio uboreshaji mzuri kuliko wote wa kizazi kile.

Watu wananiuliza kama nangoja chipu zijazo za pande hizi mbili. Tetesi za viini na gigahezi sizifuati. Naangalia soketi, yaani sehemu ya ubao inayopokea prosesa. LGA1700 ya Intel ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14, kisha Core Ultra 200S za mwaka 2024 zikataka LGA1851. AMD imeahidi kuihudumia AM5, soketi iliyofuata ile ya ubao wangu, hadi 2027 na kuendelea. Nitakapobadilisha, nitabadilisha ubao na RAM pamoja, kwa hiyo nataka kwanza kujua ubao huo utapokea prosesa ngapi baada ya ile nitakayoanza nayo.