Gun Crazy (1950): steringi ni Laurie, Bart kasindikiza tu

Nimeimaliza jana usiku, picha nyeusi na nyeupe, haifiki hata saa moja na nusu, na nyie mnaosemaga muvi za zamani zinalaza mtu hebu anzeni na hii. Bart (John Dall) tangu mdogo kapagawa na bunduki ila kuua hawezi, utotoni alipiga kifaranga kikafa na hakujisamehe mpaka ukubwani. Basi anakutana na Laurie (Peggy Cummins), mlenga shabaha wa maonyesho ya kuzunguka, wanashindana mmoja anavaa taji lenye njiti za kiberiti mwenzie anaziwasha kwa risasi, yaani wanatongozana hivyohivyo watu wanaangalia 😂 Wanaoana, hela inakata, Laurie anasema maisha ya kubangaiza hayawezi, tukaibe la sivyo naondoka.

Sasa ile sini ya benki jamani. Mwongozaji Joseph H. Lewis kaweka kamera siti ya nyuma ya gari na hakati, dakika tatu na ushee, wanaingia mjini wanahangaika kutafuta pa kupaki, Bart anashuka anaingia benki na sisi hatuoni chochote cha ndani, tumebaki na Laurie nje, mara polisi huyo kaja kusimama palepale, inabidi ashuke ampigishe stori huku mimi jasho linanitoka. Mtaa ni wa kweli, Montrose kule California, na maneno mengi mle garini waigizaji walijitungia wenyewe. Muvi za siku hizi zingelipua magari kumi na nisingeshtuka hivi.

Kuna na ile ya baada ya wizi wa kiwanda cha nyama, wamekubaliana watengane kila mtu na gari lake, wanaondoka, hawafiki mbali wote wanageuza. Hapo hakuna maneno na nimeirudia.

Kilichonichosha ni mwanzo, ile mahakama ya Bart alipokuwa mdogo wanaongea weee. Na Bart ananikera, hela anakula halafu anajiona msafi, bora Laurie anajijua alivyo.

Kingine, skripti kaandika pia Dalton Trumbo ila jina halikuwekwa, kipindi hicho Hollywood ilishamfungia kwa mambo ya ukomunisti, akaandikwa Millard Kaufman badala yake.

Mwisho siusemi. Nane kwa kumi, mbili nimekata za mahakama.